Nyumba Isiyo na Mahali pa Kujificha

Polycarpe Kabongo alianza kueleza anachotaka kabla hata hawajaketi.

"Mi sitaki ukuta, Madame Jocelyne. Unaelewa? Nikifungua macho, nione inje. Nikikula, nione inje. Nikilala, nione inje."

Jocelyne Mbuyu alikuwa msanifu wa majengo, hajafika miaka thelathini, na hii ingekuwa nyumba ya kwanza kuchora. Tangu amalize masomo Lubumbashi na kurudi Kolwezi alikuwa amechora vibanda vya walinzi, nyongeza za majiko, na kanisa moja ambalo wenyewe walilibadilisha paa bila kumuuliza. Hakuna aliyewahi kumwomba mwangaza. Watu waliomba ukuta mrefu, geti la chuma na madirisha yenye nondo.

Kiwanja kilikuwa juu kidogo, kando ya barabara ya vumbi inayotoka Musonoi kwenda mjini. Nyuma yake, upande wa kusini, ardhi iliteremka hadi kwenye vilima vya udongo uliotupwa kutoka mgodini. Barabara ilipita mbele, upande wa kaskazini, na Jocelyne alifurahi alipoona hivyo. Katika asubuhi za baridi za Juni na Julai jua hupita upande huo. Kioo kikielekezwa kaskazini, na paa likitokezwa mbele kama ukingo wa kofia, nyumba ingepata joto wakati wa baridi na kivuli wakati wa mvua. Alifungua karatasi juu ya boneti ya gari, akachora mstari mmoja mrefu, vyumba vyote vikiwa vimepangwa nyuma yake. Mbele yote ni kioo, kuanzia sakafuni hadi darini.

Mkewe Polycarpe, Mushiya, alikuwa amesimama pembeni, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Na barabara iko fasi gani?" aliuliza.

"Hapa mbele, mama."

"Donc bantu bakipita, batatuona."

"Tutaweka mapazia."

"Rido," Mushiya alisema, kama mtu aliyeletewa kijiko alipoomba jembe. Kisha akatangulia barabarani.

Polycarpe alibaki nyuma kidogo ili amweleze Jocelyne jambo ambalo hakupenda kulieleza mbele ya mkewe. Alikuwa fundi umeme wa chini ya ardhi. Siku moja dari ya njia waliyokuwa wakifanyia kazi iliporomoka, ikawafungia yeye na wenzake wawili. Taa zao zilizimika. Mmoja wa wale wawili aliacha kuwajibu kabla waokoaji hawajafika. Tangu siku hiyo Polycarpe alihamishiwa karakana, juu, lakini hakuweza tena kulala ndani ya chumba. Alilala kwenye kiti barazani, ndani ya koti, hata mvua ikinyesha.

"Giza ya kule chini haifanane na ya usiku," alisema. "Usiku unajua kutakucha."

Jocelyne aliondoka akiwa ameshaiona nyumba nzima kichwani.

*

Juma lililofuata Mushiya alikuja peke yake ofisini kwake, chumba kimoja nyuma ya duka la dawa. Alikataa soda. Alikaa ukingoni mwa kiti, akauliza, "Wewe ni wa wapi, mama?"

"Mi nilizaliwa hapa. Ba papa njo ba Manono, ba Katanga."

Mushiya alitikisa kichwa polepole. "Ulikuwa haujazaliwa," alisema, ingawa Jocelyne hakuwa ameuliza kitu.

Kisha akasimulia. Alikuwa mtoto, rika la binti yake Ndaya wa sasa. Baba yake alikuwa karani, wakikaa kwenye nyumba za kampuni ya mgodi. Sebuleni kulikuwa na dirisha kubwa ambalo mama yake alilipangusa kila asubuhi. Ukafika mwaka ule ambao watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kutoka Katanga, nao wakiwamo.

"Balikuja mu barabara na kuimba. Mama alisema tulale chini. Mi nilisimama, nilitaka kuona ni nani anaimba. Balitupa jiwe, vitre yote ya dirisha ikanimwangikia." Alipandisha mkono wa blauzi. Ngozi ilikuwa na makovu membamba kuanzia kwenye kiwiko mpaka begani. "Kisha balitupeleka ku gare. Tulilala pale, bantu mingi, kungoja treni. Mudogo wangu alikufia pale."

Jocelyne aliweka kalamu mezani.

"Tata Kabongo anajua?"

"Anajua tulifukuzwa. Yeye alikulia Mbujimayi, kule Kasai, na njo kule alinioa. Tulirudi huku juu ya kazi yake. Bya vitre hajui."

"Umwambie, mama. Nyumba ni yenu wote wawili."

"Hapana. Nikimwambia, ataacha ile nyumba, ataendelea kulala ku kiti mpaka kufa. Mi nilitaka tu wewe ujue kile unachora."

Akainuka, akaaga, akatoka.

Jocelyne alijaribu. Alichora ukuta upande wa barabara, nyumba ikawa pango. Akaweka madirisha madogo, ikafanana na nyumba nyingine zote za mtaa. Akarudia mchoro wa kwanza, na akashindwa kuuacha. Mwishowe alichagua kioo kilichopitishwa motoni ili kiwe kigumu, aina ambayo ikivunjika inakuwa chembechembe, haitoi makali. Alijiambia kwamba hilo linatosha. Alijiambia pia kwamba mambo yale yalipita, na kwamba mama yule angezoea.

Polycarpe alipoletewa mchoro alitia sahihi bila kuketi. Mushiya aliutazama muda mrefu, halafu akamtazama Jocelyne.

"Ni mzuri," alisema.

*

Ujenzi ulichukua kiangazi chote. Vioo vilikuja kwa lori kutoka upande wa Zambia, vikiwa vimefungwa kwa mbao na mablanketi, na mafundi walivibeba kama wanaobeba mgonjwa. Kipande cha mwisho kilipokaa mahali pake, kelele za barabarani zilipungua ghafla na mwangaza ukajaa ndani. Sakafu ya simenti, kuta nyeupe za nyuma, meza moja ya mafundi: kila kitu kilionekana kama kimeoshwa. Kivuli cha paa kilikata sakafu kwa mstari ulionyooka.

Polycarpe alivua viatu. Alitembea toka mwisho mmoja hadi mwingine, akagusa kioo kwa kiganja, akalala chali katikati ya sebule, kwenye simenti tupu. Walidhani anafanya mchezo. Alikuwa amelala usingizi, mdomo wazi, saa ya mchana.

Mushiya alimwekea kitambaa chake chini ya kichwa. Alikaa kando yake, mgongo ameupa barabara, na Jocelyne aliona mabega yake yakishtuka kila gari lilipopita.

Jumamosi iliyofuata walikuja tena kuchagua mahali pa makabati ya jikoni. Uzio ulikuwa haujajengwa. Mafundi walikuwa wamekwenda kula. Polycarpe alikwenda mjini kutafuta makufuli, akawaacha Jocelyne, Mushiya na Ndaya ndani.

Mushiya ndiye aliyesikia kwanza. Aliacha kuzungumza katikati ya neno. Kisha Jocelyne naye akasikia: sauti nyingi, mbali, upande wa Musonoi, zikiimba wimbo wa msibani.

"Banakuja," Mushiya alisema.

"Labda ni maziko, mama."

"Maziko haikimbie."

Kweli walikuwa wakikimbia. Vumbi lilitangulia, kisha watu: wachimbaji wa mikono, vijana kwa wazee, miguu na nguo zikiwa na rangi ya udongo wa shimoni. Asubuhi hiyo walinzi walikuwa wamewafukuza kwenye shimo moja, na katika kukimbizana ukingo wa udongo ulimwangukia mwenzao, ukamuua. Sasa walikuwa wamembeba juu ya mlango uliong'olewa mahali fulani, amefunikwa turubai la bluu. Walitaka kumpeleka mjini kwa wakubwa wa kampuni wamwone. Kwenye njia panda polisi waliwarushia moshi wa kutoa machozi, wakarudi walikotoka, na njia yao ya kurudi ilipita mbele ya nyumba.

Jocelyne alitazama kulia na kushoto akitafuta mahali pa kumweka mtoto. Jiko lilikuwa wazi kwa sebule. Sebule ilikuwa wazi kwa kioo. Kila chumba cha kulala kilikuwa na kioo chake. Mlango wa nje ulikuwa mmoja tu, nao ulitazama barabara. Alikuwa amechora nyumba nzima, kila kona yake, na hakuwa ameacha hata mahali pamoja pa kujificha isipokuwa choo, na choo chenyewe kilikuwa hakijatiwa mlango.

"Huku!" alisema, akawasukuma ndani yake.

Kutoka pale waliiona barabara yote, na barabara iliwaona wao.

Wimbo ulikatika. Mtu mmoja mbele alikuwa ameinua mkono. Waliobeba wakautua mlango ule chini, kwenye vumbi.

"Nyumba ya nani hii?"

"Ni ya ba-chef ba kampuni!"

"Muangalie, beko ndani! Banatuangalia!"

"Sie tunakufia mu mashimo, bo banakaa mu vitre!"

Jocelyne aliliona jiwe likitoka mkononi. Aliliona likija, dogo, polepole kuliko alivyotarajia. Kioo cha katikati kilibaki kimesimama kwa muda wa pumzi moja, cheupe chote, kisha kikamwagika kwa pamoja kama chumvi kutoka gunia lililopasuka. Kelele za nje zikaingia zote.

Ndaya alipiga ukelele. Mushiya hakupiga. Alikuwa amemkumbatia mtoto, uso wake umekauka, macho hayapepesi. Jocelyne aliona midomo yake ikisogea bila sauti. Barabarani kijana wa jezi ya kijani alikuwa ameinama kuokota jiwe jingine.

Mushiya aliuchukua mkono wa binti yake akautia mkononi mwa Jocelyne.

"Mushike sana."

"Mama Mushiya, hapana. Mama!"

Hakugeuka. Alivuka sebule juu ya zile chembe, ndala zake zikisaga, akapita pale palipokuwa na kioo, akashuka mpaka ukingo wa barabara. Alisimama mbele ya yule kijana, karibu kiasi cha kuweza kumgusa.

"Unaitwa nani?"

Kijana hakutarajia kuulizwa. "Stany," alisema.

"Stany, kuko mutoto mu ile nyumba. Utatupa tena?"

Stany alilitazama jiwe lililo mkononi mwake. Nyuma yake mtu alipiga kelele kwamba wamwondoe huyo mama njiani. Mushiya hakumtazama huyo. Alikuwa anautazama ule mlango ulio chini, na turubai.

"Uyu ni nani?"

"Dodo," Stany alisema. "Ni mukubwa wangu."

"Mama yenu anajua?"

Waliokuwa nyuma, wasiosikia, waliendelea kusukumana, lakini wa mbele waligeuka kumtazama Stany.

"Bado," Stany alisema. Alijipangusa uso kwa jezi.

"Mama yake hajui. Hajamuona. Na ninyi munamutia chini, mu mavumbi, juu ya kuvunja vitre yangu?" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Mumubebe! Mumupeleke kwa mama yake! Mudogo wangu alikufia chini sawa vile, bantu banapita juu yake. Mumubebe!"

Hakuna aliyejua anasema habari ya nani. Lakini mzee mmoja wa kati yao, mwenye kofia ya plastiki iliyopasuka, alijipenyeza mbele, akainama, akashika pembe ya ule mlango.

"Anasema kweli. Tumubebe. Twende Musonoi."

Wengine wakainama. Stany alisimama kitambo, jiwe mkononi, kisha vidole vyake vikafunguka vyenyewe na jiwe likaanguka. Akashika pembe ya nne. Walipita mbele ya nyumba kwa mwendo wa kawaida sasa, na wimbo ulianza tena, kwa sauti ya chini. Mtu mmoja wa nyuma alilipiga teke rundo la mchanga wa mafundi. Hakuna kingine kilichoguswa.

*

Polycarpe alifika mbio, shati limelowa. Alikuta mkewe amekaa kwenye ngazi, damu kidogo kwenye kisigino, na Ndaya amejificha kifuani mwake. Alipiga magoti, akamshika uso, mikono, miguu.

"Beko wapi? Bamekupiga?"

"Hapana. Bameenda."

Hapo ndipo alipomwambia. Alimwambia yote, wimbo, dirisha la mama yake, stesheni ya treni, mdogo wake. Jocelyne alitaka kusogea mbali, Mushiya akamzuia kwa mkono.

Polycarpe alisikiliza bila kukatiza. Mwishowe aliuliza, "Juu ya nini haukuniambia?"

"Ulilala," Mushiya alisema. "Ulilala pale chini ku simenti. Miaka yote hii sijakuona unalala vile."

Polycarpe aliinua macho kwa Jocelyne. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua, tata."

"Na ulichora vile vile."

Jocelyne alikuwa na jibu, lakini lilihusu uzuri wa mchoro, na mbele ya kisigino kile halikusemeka.

"Funga yote," Polycarpe alisema. "Kesho baweke matofali, toka huku mpaka kule."

"Na wewe utalala wapi?" Mushiya aliuliza.

"Ku kiti."

"Mi nilichoka na bwana wa ku kiti."

Hawakucheka.

*

Jocelyne hakuomba nafasi nyingine. Alirudi tu siku ya pili, na maturubai aliyoazima kwa mafundi, akayatundika upande wote wa barabara mahali ambapo ukuta ungekuwa. Alimwomba Polycarpe asimame ndani.

"Useme unavyosikia. Usinionee haya."

Polycarpe alisimama katikati ya sebule. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Alianza kuhesabu kwa sauti ya chini, akaacha, akatoka nje karibu kukimbia. Alishika nguzo, akahema.

"Siwezi."

"Ni mwangaza?" Jocelyne aliuliza. "Kule juu, kupita turubai, kuko mwangaza."

Alifikiri. Ilionekana hakuwahi kujiuliza. "Hapana. Mwangaza iko. Ni... mi naangalia pa kutokea, siione. Mlango uko nyuma ya turubai. Kule chini tulijua njia iko wapi, mais ilikuwa imefungwa."

Mushiya, aliyekuwa amesimama na fagio akikusanya chembe za kioo, aliacha kufagia. "Na mi pia," alisema. "Jana niliangalia pa kutokea. Palikuwa pale tu, mbele yao."

Jocelyne alikaa kwenye rundo la mbao. Muda wote alikuwa amefikiri kwamba mmoja anataka kuona nje na mwingine anataka asionekane, na kwamba kazi yake ni kuchagua nani ashinde; kumbe wote wawili walitaka pa kutokea. Aliomba kalamu kwa Ndaya, akaanza upya, hapohapo kwenye ukuta mweupe, kwa sababu karatasi ilikuwa ndani ya gari na hakutaka kuifuata.

Ukuta wa matofali upande wa barabara, mnene, juu yake kabisa mstari wa kioo usiozidi shibiri mbili, wa kuingiza jua la kiangazi. Katikati ya nyumba, zege la paa livunjwe, pawe ua ulio wazi kwa mbingu. Vioo vilivyosalia vihamishwe, viuzunguke ua huo. Kila chumba kiwe na milango miwili: mmoja kwenda uani, mwingine kwenda nyuma kwenye mteremko. Kitanda cha wenye nyumba kiwekwe mahali ambapo mtu akifungua macho anaiona milango yote miwili, na mawingu.

"Utavunja paa mupya?" Polycarpe aliuliza.

"Ndiyo, tata."

Walivunja. Ilikuwa kazi chafu na ya kelele, na mara mbili Jocelyne alilala akiwa na hakika kwamba zege lote litaporomoka kwa sababu yake. Ukuta wa mbele ulipopanda, Polycarpe alikuja kila jioni baada ya kazi kusimama ndani, dakika chache leo, zaidi kidogo kesho. Siku moja alitoka kabla ya wakati, akatapika kwenye majani, akarudi ndani. Mushiya alisimama naye, amemshika mshipi wa suruali kwa nyuma kama anayemshika mtoto kando ya kisima.

Walihamia mvua zikiwa zimeshaanza.

Jocelyne alipita kuwasalimu alasiri moja, wingu likiwa zito juu ya vilima vya mgodi. Mushiya alimfungulia, akaweka kidole mdomoni. "Eko nalala."

"Ndani?"

"Ndani. Milango bado hafunge. Hata na baridi hii."

Walikaa jikoni, mbele ya kioo kinachotazama uani, wakichambua mboga. Lori lilipita barabarani na watu nyuma yake wakiimba, mashabiki wa mpira pengine. Mikono ya Mushiya ilisimama. Alisikiliza mpaka sauti zikapotea, akaendelea kuchambua.

"Itakwisha?" Jocelyne aliuliza.

"Sijue, mama. Sasa nasikiliza nikiwa nimekaa. Mbele nilikuwa nasimama."

Mvua ilishuka yote kwa mara moja. Ua ulijaa kelele na weupe, maji yakitiririka kwenye vioo pande zote, na Ndaya alitoka mbio chumbani akaenda kusimama katikati yake, mikono juu, akipiga makelele ya furaha. Jocelyne alikuwa bado anamtazama aliposikia miguu ikichapa maji sebuleni. Polycarpe alitokea mlangoni, nywele zimelala upande mmoja, alama ya mto shavuni, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Madame Jocelyne, nyumba ni nzuri sana," alisema. "Mais maji yako inaingia ku salon."

Bomba la kutolea maji ya uani lilikuwa limezibwa na majani. Mushiya alikwisha kuinuka akitafuta ndoo. Alimtupia Jocelyne moja, akamkabidhi mumewe fagio, na wote watatu wakatoka uani kwenye mvua.